Kombe Wakubwa wa Matumbawe: Mwongozo Kamili wa Kuwatazama Baharini Dar es Salaam na Kumfuga Mmoja Nyumbani

Kombe mkubwa ni mnyama anayeishi kwa mwanga. Jambo hili ni la kulishika kabla ya mengine yote, kwa sababu kila kinachofuata hapa chini, kuanzia saa ya kutoka Kunduchi kwenda kumtazama kisiwani Mbudya hadi taa utakayoitundika juu ya tangi sebuleni, kinatokana nalo. Ana matamvua ya kuchuja chembe za chakula majini kama kombe wengine wanaookotwa pwani maji yakipwa, lakini sehemu kubwa ya riziki yake hutoka kwa mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, unaokaa kwa mamilioni ndani ya nyama pana yenye rangi anayoitandaza nje ya makombora yake. Nyama hiyo nitaiita joho. Mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wake, naye huupa mahali salama pa kukaa, hewa ya ukaa anayoitoa kwa kupumua, na amonia ambayo kwa wanyama wengi ni taka tupu. Rangi za buluu, kijani na zambarau zinazowavutia watu wengi zina kazi katika mpango huo huo: ndani ya joho mna seli zinazotawanya mwanga, zikiufikisha kwenye mwani uliojipanga chini zaidi na kuurudisha nje ule usiofaa.

Hatua ya kwanza: kuwatambua

Kombe anayetajwa zaidi duniani ni Tridacna gigas, ambaye makombora yake huzidi urefu wa mita 1 na uzito wake huzidi kilo 200. Huyo hayumo katika mwambao wetu. Makao yake ni bahari za Asia ya Kusini-Mashariki na Pasifiki ya magharibi. Katika matumbawe ya Tanzania wanaoonekana zaidi ni wawili walio wadogo kuliko yeye, yaani Tridacna maxima na Tridacna squamosa, ambao wote kwa kawaida hawapiti sana sentimita 40 hata wakizeeka.

Kuwatofautisha si kazi ngumu ukijua pa kutazama. Maxima ana makombora marefu yaliyovutwa upande mmoja, yenye magamba yaliyosongamana karibu na ukingo, na mara nyingi amejichimbia ndani ya jiwe la tumbawe hivi kwamba unaona midomo yake ya mawimbi na joho lake tu. Squamosa ana makombora yaliyolingana pande zote mbili, yenye magamba makubwa yaliyosimama na kuachana kama vigae vilivyoinuka, na hukaa juu ya changarawe au katikati ya matawi ya matumbawe bila kujizika. Mgeni humwona maxima kwanza kwa sababu ya rangi zake kali. Squamosa, mwenye madoa ya kahawia, kijani na buluu iliyofifia, humtaka mtu atulie kidogo.

Kuna hadithi ya zamani ya kombe kumbana mzamiaji mguu na kumshikilia mpaka maji yamjae. Mnyama huyu hufunga makombora ili kujikinga, wala hawindi. Ukingoni mwa joho ana mamia ya vijicho vidogo vinavyohisi kivuli, na kivuli cha samaki mkubwa au cha mkono wako kinatosha kumfanya ajikunje.

Kuzaa kwake ndiko kunakoeleza kwa nini tunatakiwa kumwacha alipo. Kombe mkubwa huanza maisha akiwa dume, kisha akikua huwa na mbegu za kiume na mayai kwa pamoja, na vyote viwili huvimwaga majini kwa nyakati tofauti ili asijirutubishe mwenyewe. Mayai yake ni mamilioni, lakini yanahitaji kukutana na mbegu za kombe mwingine kabla mkondo haujavitawanya. Kwa hiyo mwamba wenye kombe mmoja huku na mmoja kule unaweza kuonekana bado una kombe, ilhali hakuna anayezaliwa. Lava, yaani kombe wachanga, wanaofanikiwa huelea kwa takribani wiki moja au zaidi, wakatua, na mwani wao wakaupata kutoka katika maji yanayowazunguka, kwa sababu hawaurithi kwa mzazi.

Hatua ya pili: kumtazama baharini kwanza

Ninamshauri kila anayefikiria kufuga kombe atumie angalau siku tatu za maji tofauti akimtazama mwituni, kwa kuwa hakuna kipimo cha dukani kitakachokufundisha sura ya kombe mwenye afya kama macho yako mwenyewe yatakavyokufundisha. Dar es Salaam tumejaliwa visiwa vilivyo karibu. Mbudya hufikiwa kwa boti kutoka Kunduchi, Bongoyo kutoka rasi ya Msasani, na Sinda iko upande wa Kigamboni. Visiwa hivi vimo katika maeneo tengefu ya bahari, na mgeni hulipa ada ya kuingia.

Chagua msimu na maji. Kipindi kizuri ni kaskazi, hasa Desemba hadi Februari, wakati bahari imetulia na maji ni maangavu. Kusi linapovuma kwa nguvu mawimbi hutibua mchanga, na wakati wa masika Mto Msimbazi na mito mingine ya jiji humwaga tope na maji yasiyo na chumvi ambayo huchafua bahari kwa siku nyingi. Watu wengi hudhani kwamba bamvua ndiyo siku ya kwenda kwa sababu maji hupwa mbali na mwamba hubaki wazi. Kwa mchokoaji wa pweza hiyo ni kweli, lakini kwa mtazamaji ni kinyume, kwa kuwa mkondo wa bamvua una nguvu na mtu anayetembea juu ya mwamba huvunja matumbawe kwa kila hatua. Nenda siku za maji mafu, kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, uelee juu kwa miwani na mrija wa kupumulia.

Ukimpata kombe, mkaribie kutoka upande ambao kivuli chako hakimwangukii, kisha ukae bila kujitikisa kwa dakika kadhaa. Tazama matundu mawili katika joho lake. Moja ni refu kama mpasuko na ndilo la kuvuta maji. Jingine limeinuka kama bomba fupi na ndilo la kuyatoa. Tazama jinsi joho linavyofurika na kuning'inia nje ya ukingo wa kombora pande zote, na jinsi tundu la kuvutia maji linavyobaki jembamba bila kuachama. Pima kina alichopo na uone jua linamfikia vipi. Utagundua kwamba maxima wengi wako mahali ambapo jua la saa sita huwapiga moja kwa moja, ilhali squamosa unaweza kumkuta chini zaidi, mahali penye mwanga uliopungua. Andika hayo yote, kwa kuwa utayahitaji utakapokuwa ukipanga taa.

Hatua ya tatu: asili ya kombe wako na sheria

Miaka iliyopita, kabla sijaelewa hayo niliyoyaeleza juu, kijana mmoja aliniletea ufukweni kombe hai ndani ya ndoo, maxima wa ukubwa wa kiganja, rangi yake ya buluu ikimeremeta. Nilimnunua nikidhani nimemwokoa na sufuria. Siku ya nne joho lake lilikuwa limenywea, na siku ya sita nilimtoa tangini akinuka. Nilipomgeuza niliona sehemu ya chini ilikuwa imechanika, kwa sababu alikuwa amebanduliwa kwenye jiwe kwa kisu na nguvu. Kombe hujishikiza kwenye mwamba kwa nyuzi zinazotoka katika tezi iliyo karibu na mguu wake, na nyuzi hizo zikivutwa kwa nguvu hung'oka pamoja na nyama. Mnyama wa namna hiyo huonekana mzima kwa siku chache, kisha hufa. Kosa lilikuwa langu mara mbili: nilimpoteza kombe huyo, na nilimwonyesha kijana yule kwamba kubandua kombe kunalipa.

Sheria nayo iko wazi. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975, na usimamizi wake leo unaongozwa na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Humo haturuhusiwi kuvua wala kuokota kiumbe. Nje ya mipaka hiyo kuna Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Zaidi ya hapo, kombe wakubwa wote wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, tangu miaka ya 1980, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Maana yake ni kwamba kombe anayevuka mpaka, awe hai au awe kombora tupu, kwa kawaida anahitaji kibali.

Kombe anayefaa kufugwa ni yule aliyezaliwa kwenye shamba la kombe. Ufugaji huo si jambo jipya: kituo cha Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, kilianza kuzalisha kombe katika miaka ya 1970, na Chuo Kikuu cha Ufilipino kupitia maabara yake ya Bolinao kimewarudisha Tridacna gigas waliozalishwa kwenye miamba iliyokuwa imewapoteza. Unapoagiza, dai nakala ya kibali cha CITES kabla ya kulipa, kisha uangalie herufi ya asili iliyoandikwa humo. Herufi C humaanisha mnyama aliyezalishwa na wazazi waliofugwa, F ni aliyezaliwa kifungoni bila kutimiza masharti yote ya C, na W ni aliyetolewa porini. Kataa W. Kabla ya kuagiza pia nenda mwenyewe ukaulize katika ofisi za uvuvi na za wanyamapori kuhusu kibali cha kuingiza nchini, ukijieleza kwa maandishi. Mzigo wa viumbe hai unaokwama uwanja wa ndege kwa kukosa karatasi moja hufia kwenye boksi.

Hatua ya nne: tangi

Usianze na tangi dogo kwa kudhani kwamba kombe mdogo anahitaji maji kidogo. Ninapendekeza tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, ambalo hubeba lita 300. Kumbuka kwamba maji hayo peke yake ni kilo 300, na ukiongeza kioo, mawe na mchanga uzito huzidi kilo 400. Anayeishi ghorofani Kariakoo au Upanga aliweke kando ya ukuta unaobeba nyumba, wala asiliweke katikati ya chumba.

Mawe usiyatoe baharini. Mawe ya tumbawe la kale yanayochimbwa nchi kavu, yale yale ambayo wazee wetu wa pwani waliyajengea nyumba, yanatosha kabisa. Yasugue kwa brashi, yaloweke katika maji yasiyo na chumvi kwa wiki kadhaa ukiyabadilisha mara kwa mara, kisha upime fosfati katika maji ya mwisho. Iwapo ipo kwa wingi, endelea kuloweka.

Vifaa vinavyohitajika ni pampu ya kurudisha maji, pampu mbili ndogo za kutengeneza mkondo, na kifaa cha kukamua uchafu kwa povu ambacho wafugaji hukiita skima. Katika jiji letu tatizo la joto ni kubwa kuliko la baridi. Feni inayopuliza uso wa maji hupunguza nyuzijoto 2 au 3 kwa kuyafanya maji yapate kuvukizwa, na kwa nyumba nyingi hiyo inatosha isipokuwa miezi ya joto kali, ambapo mashine ya kupoza maji huwa ya lazima. Umeme ukikatika, adui wa kwanza ni upungufu wa oksijeni. Nunua pampu ya hewa inayotumia betri kabla ya kununua taa nzuri, uijaribu usiku mmoja mzima ili ujue betri inadumu saa ngapi.

Baada ya kujaza maji, subiri. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga, lakini tangi lililopita wiki sita bado ni changa kwa kombe. Kwa maoni yangu miezi 6 ndiyo kima cha chini, na anayeweza kusubiri mwaka asubiri, akiishi na samaki wachache na matumbawe laini ambayo ni mavumilivu zaidi.

Hatua ya tano: maji

Sisi wa pwani tuna bahati ya kuwa na bahari mlangoni, lakini si kila maji ya bahari yanafaa. Usichote karibu na mdomo wa mto, karibu na bandari au karibu na bomba la maji machafu. Mlipe mwenye boti akupeleke nje, mchote maji yakiwa yamejaa, na msichote kabisa katika siku za mvua kubwa. Yachuje kwa kitambaa kizito, yahifadhi gizani katika mapipa ya plastiki yaliyokuwa na vyakula, ukiyazungusha kwa pampu kwa siku kadhaa. Koki, viungio na pampu visiwe na shaba mahali popote, kwa sababu shaba ni sumu kali kwa kombe hata ikiwa kidogo sana. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa za samaki zenye shaba zisiingie kamwe katika tangi hili, wala mawe yaliyowahi kukaa katika maji yenye dawa hizo.

Viwango vya kufuata ni hivi: joto kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi, na lisivuke 29, chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, pH kati ya 8.0 na 8.4, ualkali (uwezo wa maji kuizuia pH isishuke) kati ya 8 na 10 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu miligramu 1250 hadi 1350. Amonia na nitriti ziwe sifuri. Nitrati isiwe sifuri, na hapa wengi hukosea kwa bidii yao ya usafi: mwani ulio ndani ya kombe huhitaji nitrojeni, hivyo tangi lililooshwa mpaka likakosa nitrati na fosfati kabisa humfanya kombe afifie rangi na kudhoofika. Miligramu 2 hadi 10 za nitrati kwa lita ni kiasi kizuri.

Maji yanayopotea kwa kuvukizwa yajazwe kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi yenyewe haiondoki. Tumia maji ya RO, yaani yaliyosukumwa kupita kwenye utando unaozuia chumvi na uchafu. Maji ya bomba ya jiji yana klorini na vitu vingine ambavyo hujilimbikiza kila siku unapoongeza.

Kombe anayekua hujenga kombora kila siku, na kombora ni kalsiamu na kaboneti. Tangi lenye kombe mmoja mdogo linaweza kutosheka kwa kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, lakini anapokua utaona ualkali ukishuka kabla ya kitu kingine chochote. Njia rahisi ya kuurudisha ni maji ya chokaa: kijiko cha chai cha chokaa safi ya daraja la chakula katika lita 4 za maji ya RO, acha itulie, kisha dondosha yale maji maangavu ya juu, polepole na usiku, kwa sababu pH yake inapita 12 na ukiyamwaga kwa pupa utaua kila kitu. Chokaa ya kupakia nyumba isitumike.

Hatua ya sita: mwanga

Mwanga wa kombe hupimwa kwa kipimo cha PAR, ambacho huhesabu ule mwanga unaotumika na mimea. Squamosa huridhika na 150 hadi 250 mahali alipo. Maxima anataka 250 hadi 400. Taa za LED zenye nguvu zinaweza kufikisha viwango hivyo, na kifaa cha kupimia kinaweza kuazimwa kati ya wafugaji. Washa taa saa 10 hadi 12 kwa siku, zikipanda na kushuka taratibu.

Kwa anayefuga kombe kwa mara ya kwanza, achague squamosa. Ninajua moyo unavutwa na buluu ya maxima, lakini squamosa husamehe makosa ya taa, ya joto na ya mahali pa kuwekwa, na akikua ana uzuri wake.

Hatua ya saba: kumchagua na kumpokea

Chagua kombe mwenye sentimita 7 hadi 10. Walio chini ya sentimita 5 hutegemea zaidi chakula cha kuchuja na hufa kwa urahisi wakati wa kuhamishwa. Mpitishie mkono juu. Akijikunja mara moja, ana nguvu, na akichelewa sana au asijali kabisa, mwache. Ukingo wa kombora uwe na mstari mweupe mpya, dalili kwamba alikuwa akikua hadi juzi. Sehemu ya chini inakotokea nyuzi iwe nzima.

Anapofika, weka mfuko wake ukielea tangini kwa dakika 20 taa zikiwa zimezimwa, ili joto lilingane. Kisha mhamishie kwenye ndoo pamoja na maji yake, udondoshe maji ya tangi kwa mrija mwembamba kwa muda wa dakika 45 hadi 60 mpaka ujazo uwe mara tatu. Mkague kwa makini kabla ya kumwingiza: katika mikunjo ya kombora na karibu na tundu la chini zinakotokea nyuzi hujificha konokono weupe wadogo kama punje za mchele, wanaofyonza damu ya kombe usiku. Wasugue kwa mswaki mpya, pamoja na mayai yao yanayofanana na utando wa ute. Rudia ukaguzi huo kwa tochi kila usiku wa wiki mbili za mwanzo.

Mweke chini kwenye mchanga, juu ya jiwe bapa dogo, naye atajishikiza kwenye jiwe hilo ndani ya siku chache. Hapo utaweza kumhamisha pamoja na jiwe lake bila kumvuta. Mwache chini wiki mbili, kisha mpandishe hatua kwa hatua iwapo ni maxima. Squamosa anaweza kubaki chini. Iwapo lazima umtenganishe na mwamba, ingiza wembe mkali chini yake ukate nyuzi karibu na jiwe. Usimvute hata kidogo.

Mkondo wa pampu usimpige usoni. Joho liyumbe kwa utulivu kama majani ya bahari wakati wa maji mafu. Ukiona upande mmoja umekunjwa muda wote, sogeza pampu.

Majirani zake

Samaki aina ya kikande na bunju watamla. Kipepeo wengi na baadhi ya samaki malaika wakubwa humdonoa joho mpaka asithubutu kulifungua, na kombe asiyefungua joho hapati mwanga, hivyo hufa njaa taratibu. Kaa wakubwa wasiwemo. Matumbawe yenye minyiri ya kuwasha na anemoni wakae mbali naye kwa angalau sentimita 15.

Hatua ya nane: kusoma dalili za ugonjwa

Dalili ya kwanza ya kuogopa ni tundu la kuvutia maji kuachama, kiasi kwamba unaona matamvua ndani, huku joho likiwa limerudi nyuma. Pima kwa mpangilio huu: joto, chumvi, amonia, ualkali. Mara nyingi tatizo liko katika mojawapo. Badilisha maji asilimia 20 na uongeze hewa.

Dalili ya pili ni kupauka kuanzia katikati ya joho kwenda nje. Hapo mwani unaondoka, kwa sababu ya joto kali, mwanga mchache mno, au mwanga uliozidi ghafla. Ndiyo hali ile ile iliyoyapata matumbawe ya mwambao wetu mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, tofauti ikiwa kwamba sebuleni unaweza kulirekebisha joto siku hiyo hiyo. Kombe aliyepauka anaweza kurudi katika hali yake baada ya wiki kadhaa iwapo chanzo kimeondolewa mapema.

Dalili ya tatu ni joho kubanwa na kujikunja sehemu moja kana kwamba limefinywa na vidole, ilhali maji ni mazuri. Wafugaji wenye uzoefu humtumbukiza kombe wa namna hiyo katika maji ya RO yaliyolinganishwa joto na pH na ya tangi, kwa dakika 30, wakirudia baada ya siku chache. Ni tiba ya kuumiza, kwa hiyo isifanywe kwa kubahatisha, na asifanyiwe aliyefika jana.

Akifa, mtoe saa hiyo hiyo. Nyama ya kombe huoza upesi, na mmoja aliyeachwa usiku kucha anaweza kuua tangi zima kwa amonia.

Hatua ya tisa: daftari na miaka inayofuata

Pima urefu wa kombora kila mwezi kwa rula bila kumtoa majini, uandike pamoja na ualkali, joto na nitrati. Squamosa mwenye afya huongeza sentimita chache kwa mwaka, na anaweza kuishi miaka mingi, kwa hiyo panga tangu leo nani atamtunza ukihama.

Ukishindwa kumtunza, mpe mfugaji mwingine pamoja na nakala za vibali vyake. Usimpeleke baharini, hata kama moyo unakuambia kwamba unamrudisha kwao. Kombe aliyetoka shamba la Pasifiki si wa mwamba wa Mbudya; anaweza kubeba vimelea na konokono ambao kombe wetu hawajawahi kukutana nao. Hata maji ya tangi lake yamwagwe kwenye choo, yasiingie kwenye mfereji unaoelekea pwani, na makombora yake yabaki nyumbani pamoja na karatasi zake.